Maili 1,000 hadi Disney: kwa nini tulikwenda kwa gari, na kwa nini wewe labda usiende

Mume wangu akishika kalamu kupiga hesabu ya safari, ujue ameshaamua. Kalamu ni ya kunishawishi mimi. Alichukua bahasha ya bili ya umeme, akaigeuza, akaandika: maili 1,000 kwenda, maili 1,000 kurudi, gari letu la Sienna linakwenda maili 24 kwa galoni, galoni dola tatu na senti. Akazungushia jibu duara: dola 260. Upande wa pili akaandika watu sita mara tiketi ya ndege ya dola 240, akazungushia nayo: 1,440. Akanisogezea bahasha bila kusema neno.

Tunakaa Columbus, Ohio. Orlando, zilipo bustani za michezo za Disney World, iko Florida, na kati yetu nayo zimelala Kentucky, Tennessee na Georgia nzima. Kwa mnaosoma mkiwa nyumbani: ni mbali kuliko Dar hadi Mwanza, na ukishafika Mwanza bado ungebakiwa na kilomita mia nne na ushee za kwenda mbele. Abiria ni mimi, Baba Salma, Salma mwenyewe wa miaka 10, Idrisa wa miaka saba, Nasra aliyetimiza miwili majuzi tu, na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga.

Nasra ndiye aliyevuruga hesabu. Mtoto ambaye hajafika miaka miwili anapakatwa kwenye ndege bila kulipiwa kiti. Huyu wetu, kwa miezi michache tu, anakatiwa tiketi kamili kama mtu aliyevaa tai. Lakini getini Disney ambaye hajatimiza miaka mitatu anaingia bure. Dada yake naye, kwa kuwa amefika 10, Disney inamtoza bei ya mtu mzima, na mwenyewe alifurahi sana kulisikia hilo.

Kabla ya kubishana gari au ndege, nilitaka kwanza tujibu swali ambalo kwenye bahasha halikuwepo: tunafuata nini huko kote? Ohio haina upungufu wa michezo. Kings Island, bustani ya michezo ya mitambo, iko Mason, karibu na Cincinnati, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka kwetu. Imefunguliwa 1972, na ndiko iliko The Beast, rola kosta (treni ya michezo inayopanda na kuporomoka relini) ya mbao iliyo ndefu kuliko zote za mbao duniani, inayokimbia tangu 1979. Cedar Point ya Sandusky, ufukweni mwa Ziwa Erie, ipo tangu 1870. Familia ambayo watoto wake wameshafikia kimo cha kupanda mitambo hiyo, wanataka kupiga kelele tu na kushuka miguu ikitetemeka, sioni inakopa pesa kwenda Florida kufanya nini. Haya ni maoni yangu, na nimeshabishana nayo na watu hadi kwenye sherehe ya harusi.

Kwetu sisi jibu lilikuwa Bibi. Amepewa miezi sita ya kukaa, magoti yake hayataki misukosuko, na Nasra kwa kimo chake haruhusiwi hata kusogelea foleni ya rola kosta. Tulitaka mahali ambapo mtoto wa miaka miwili na mama wa miaka sabini wanakaa kwenye mashua moja na wote wanacheka. Disney World inaliweza hilo. Tatizo ni ukubwa: eneo lake lote linakaribia lile la jiji la San Francisco, na ndani yake mna bustani nne ambazo kila moja inakula siku nzima. Tukachagua mbili, Magic Kingdom kwa ajili ya watoto na Animal Kingdom kwa ajili ya Bibi. Tiketi ya siku moja inavuka dola 100 kwa kichwa, na vichwa vya kulipiwa vilikuwa vitano. Pesa inakwenda hapo getini, si kwenye mafuta. Mtu akijisifu kwamba amekwenda Disney kwa bei ya kutupa kwa sababu aliendesha, muulize aliingia siku ngapi.

Haya, turudi kwenye bahasha, maana ilikuwa na mapengo pande zote mbili.

Upande wa ndege, ukishuka Orlando na watu sita bado huna usafiri. Zamani Disney ilikuwa na basi la bure la kuwachukua wageni wa hoteli zake uwanja wa ndege, lakini lilikoma 2022 ilipoanza. Sisi hata hivyo hatukuwa wa kulala kwenye hoteli zake. Gari la kukodi la kutosha watu sita kwa wiki tulilikuta karibu dola 500. Jumla ya ndege ikawa 1,940.

Upande wa gari ndio uliokuwa umedanganya zaidi. Gari haliki mafuta peke yake. Linakula matairi, oili, breki, na kila maili thamani yake inashuka. Idara ya kodi ya Marekani, IRS, kila mwaka hutangaza kiwango cha kuhesabia gharama za gari linalotumika kwenye shughuli za biashara, na kwa 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili. Maili 2,000 mara senti 70: dola 1,400. Nikaandika chini ya duara lake, kwa herufi kubwa.

"Mama Salma, hiyo ya IRS imeweka na bima humo ndani. Bima si tunalipa hata gari likilala?"

Alikuwa sahihi. Kiwango kile kinabeba bima, usajili na uchakavu wote, na gari letu ni la mkononi, uchakavu mkubwa alishaubeba mwenye gari wa kwanza. Tukavutana, tukakubaliana senti 35 kwa maili, mafuta yakiwa ndani. Hiyo ni 700. Ongeza usiku mmoja wa moteli kwenda na mmoja kurudi, vyumba vya kutosha watu sita, dola 300. Ongeza 60 za vitu vidogo vya njiani. Tukafika dola 1,060 dhidi ya 1,940. Tofauti ya 880 ni ndogo kuliko ile ya bahasha, lakini kwa nyumba yetu si pesa ya kupita.

Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu ukipunguza watu, matokeo yanageuka. Mke na mume wenye mtoto wa kupakata wanakata tiketi mbili, wanakodi gari dogo, na wanamaliza chini ya dola 800. Wakiendesha gari lao, zile 700 haziwapungukii hata senti, maana barabara haijali mmepanda wangapi, halafu kuna moteli. Ndege inawashinda gari waziwazi. Wakiwa watatu wenye viti, ni nipe nikupe. Kwa hesabu zangu gari linaanza kulipa pale abiria wa nne anapohitaji kiti chake.

Ila kilichoninyima usingizi hakikuwa pesa. Kilikuwa likizo.

Wa nyumbani mnaweza msiamini, lakini Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kukupa likizo ya malipo, hata siku moja. Unachopata ni kile mwajiri wako alichoona kinafaa. Mimi ni muuguzi msaidizi, Baba Salma anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, na siku zetu zinakusanyika tone kwa tone, saa chache kila tunapolipwa mshahara. Ukiugua, zinaondoka. Mtoto akiugua, zinaondoka. Kwa hiyo nikazipiga hesabu kama nilivyopiga za dola. Ndege ya moja kwa moja kutoka Columbus hadi Orlando haifikishi saa tatu angani, na hata ukiweka foleni zote umepoteza nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Gari, kwa akili timamu, ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa ndege tungetumia siku tatu za likizo, kwa gari tano. Gawa 880 kwa siku mbili, kila siku ya likizo tuliyoitoa ilitulipa dola 440, yaani 220 kwa kila mmoja wetu. Kwa mshahara wa ghala na wa wodi, biashara hiyo inakubalika. Kuna marafiki zetu ambao kwa siku moja wanapata zaidi ya hapo, na wao wanaendesha kwa sifa tu. Siwasemi, ila nimewasema.

Baba Salma hapo akaona upenyo. Akatoa hoja ambayo nadhani kila mwanamume wa Kitanzania niliyekutana naye huku anayo mfukoni: tuondoke saa nne usiku, watoto walale, kukipambazuka tuko Georgia, tunaokoa moteli na siku nzima ya likizo.

Nilimkatalia, na hapa nitasema bila kupepesa macho kwa sababu naona watu wazima wanaipitisha hoja hii kwenye magrupu ya WhatsApp kama ushujaa. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaeleza kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anaharibikiwa kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Kikomo cha kisheria cha kuendesha kwenye majimbo karibu yote ni 0.08. Baba Salma angeamka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, aende kazini, arudi, apakie mizigo, ashike usukani saa nne usiku. Saa 17 zimetimia kabla hajatoka Columbus. Dereva wa lori la kulipwa, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, sheria ya shirikisho inamruhusu kuendesha saa 11 tu ndani ya muda wa saa 14, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Sasa wewe wa ghalani, mwenye watoto watatu nyuma, umepata wapi kibali cha kumzidi? Na tumetoka nchi ambayo mabasi ya usiku yalipigwa marufuku tangu miaka ya 1990 hadi 2023, na tunajua yalikatazwa kwa nini.

Nikamkumbusha pia Calhoun, Tennessee. Barabara yetu, ile namba 75, inapita pale karibu na mto Hiwassee, mahali panaposhuka ukungu mzito asubuhi. Tarehe 11 Desemba 1990 magari 99 yaligongana kwenye ukungu ule, wakafa watu 12. Baadaye wakaweka mabango ya kuonya na kupunguza mwendo, na ukipita leo unayaona. Ukiondoka Columbus saa nne usiku, pale unafika alfajiri, umechoka, na ukungu ndio unaamka.

Akataka kujibu. Bibi alikuwa kwenye kochi anamenya chungwa, hatukujua kama anafuatilia. Akauliza bila kuinua uso:

"Kwani huko mnakwenda kuzika?"

Usiku ukaishia hapo.

Kilichobaki kilikuwa kuupanga mchana, na hapo Baba Salma alirudi kwenye ubora wake. Kikwazo cha barabara namba 75 ni Atlanta. Maili si nyingi, lakini katikati ya jiji barabara mbili kuu zinaunganika kuwa moja, na siku ya kazi ukiingia jioni unaweza kukaa saa nzima unatazama taa nyekundu za mwenzio. Yeye akasema tuondoke Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tulale Cartersville, kaskazini ya Atlanta, halafu tulipite jiji Jumapili watu wakiwa kanisani au kitandani. Hiyo inagawa safari karibu sawasawa: saa nane hivi za usukani siku ya kwanza, pungufu kidogo siku ya pili. Tunapokezana kila saa mbili, atake asitake. Kanuni hiyo ni yangu, na ilikuwa sharti la mimi kukubali.

Saa mbili hazikuwa kwa ajili ya dereva peke yake. Ukikaa kitako safarini zaidi ya saa nne, iwe ndege, gari au basi, hatari ya damu kuganda miguuni inapanda, na kwa mtu mzima mwenye uzito si jambo la kupuuza. Bibi alipokuja kutoka Dar miguu yake ilivimba hadi viatu vikakataa. Kwenye gari lako unasimama unapotaka, anashuka, anazunguka gari, anaalika vidole, anapanda. Ndege haisimami. Kwa upande huo gari lilitupa kitu ambacho siwezi kukiandikia dola. Kwa upande mwingine nalijua ninalolifanya: barabara za nchi hii ziliua zaidi ya watu 40,000 mwaka 2023, na kwa kila maili ndege ni salama kuliko gari kwa tofauti isiyo na mjadala. Anayekuambia anaendesha kwa sababu anaogopa ndege ana haki ya kuogopa, ila asidai kwamba takwimu ziko upande wake.

Tuliondoka na deli la barafu, chupa mbili za chai, chapati, kachori, kuku wa kukaanga, na mchele. Ndiyo, mchele, na sufuria ya umeme ya kuupikia huko. Kwa familia inayokula halali hili si ubahili tu. Kati ya Lexington na Knoxville chaguo lako njiani ni viazi vya kukaanga na samaki ndani ya mkate, na mtoto wa miaka saba anavichoka mapema. Kwenye ndege deli la hivyo si rahisi kulipandisha. Disney wenyewe wanaruhusu uingie na chakula chako na maji, mradi usibebe chupa za glasi wala pombe, kwa hiyo kachori za Bibi zilifika hadi mbele ya kasri la Cinderella.

Kituo kikubwa cha kwanza cha kuchimba dawa kilikuwa Buc-ee's ya Richmond, Kentucky. Kama hujawahi kuiona, ni sheli ya Texas iliyovimba: pampu za mafuta zinakwenda mpaka unashindwa kuona mwisho, duka ukubwa wa soko, na nembo ya mnyama mwenye meno mawili mbele ambaye Nasra alimkumbatia mlangoni akakataa kumwachia. Malori makubwa hayaruhusiwi kuingia. Vyoo vinang'aa, kila kimoja na mlango wake hadi chini, na Bibi alitoka mle akasema amekwenda nyumba za watu Tanga zisizo safi kiasi kile. Hapo hapo, pembeni ya gari, tukanywa chai.

Kuanzia mpaka wa Tennessee barabara inapanda na kushuka milima, na malori yanajivuta kulia. Nilishika usukani mimi. Baba Salma akalala mdomo wazi, na katika kulala kule nikapata ushahidi wangu wote kuhusu safari ya usiku. Calhoun tuliipita mchana mweupe, jua kali, mabango ya ukungu yamezimwa. Kwenye kituo cha kupumzikia Bibi alitandika kanga kwenye nyasi, tukaswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, Idrisa akihesabu namba za magari za majimbo mbalimbali kwa sauti, jambo ambalo halikusaidia utulivu.

Siku ya pili Georgia ndiyo iliyotuchosha. Ni ndefu. Ukishaliacha jiji ni misonobari, mabango ya mawakili wa ajali na mabango ya pekani, na sanamu kubwa la karanga pale Ashburn ambalo watoto walilisubiri kwa saa nzima na likapita kwa sekunde tatu. Saa nane mchana ndio saa mbaya, tumbo limeshiba, jua la usoni. Baba Salma alianza kujikuna shingo, kisha sikio, kisha akafungua dirisha. Mke anaijua lugha hiyo. Tukabadilishana kwenye kituo kilichofuata. Florida, ukivuka mpaka tu, jimbo lina kituo cha kukaribisha wageni ambapo wanakupa kikombe kidogo cha juisi ya machungwa bure. Salma alirudi kwenye foleni mara ya pili akiwa amevaa kofia ya kaka yake.

Halafu Wildwood, unaiacha 75, unashika barabara ya kulipia ya Turnpike, na ghafla kila bango ni Orlando. Si bahati kwamba barabara inakumwaga pale. Novemba 1963 Walt Disney alipita juu ya eneo lile kwa ndege akiangalia mahali pa kujenga, na kilichompendeza ni hizo barabara kuu zilizokuwa zinakutana karibu na Orlando. Serikali ya Rais Eisenhower ilikuwa imepitisha sheria ya barabara kuu 1956, lami ilikuwa inamwagwa kila jimbo, na mteja aliyemtaka ni baba wa familia mwenye gari. Alinunua ardhi kwa majina ya kampuni za kujificha ili bei isipande, akafariki Desemba 1966, na bustani ikafunguliwa 1 Oktoba 1971. Kwa hiyo tukiingia na Sienna yetu yenye makombo ya chapati sisi ndio hasa waliotarajiwa. Kuegesha tu tulilipa dola 30 kwa siku, kwa kuwa hatukulala kwenye hoteli zao. Na Magic Kingdom ukishaegesha bado hujafika: unapanda feri kuvuka ziwa au treni ya reli moja kulizunguka. Nasra alidhani feri ndiyo Disney yenyewe, akaridhika, akaomba turudi nyumbani.

Animal Kingdom ndiko nilikokuwa na wasiwasi, maana mtu umemtoa Tanga kumpeleka Florida akaone twiga. Bustani ile ilifunguliwa 1998, na sehemu yake ya Afrika ni mji wa kubuni unaoitwa Harambe, wenye majengo yaliyoigwa sana kutoka mwambao wetu, Lamu hasa, na maandishi ya Kiswahili ukutani. Bibi aliacha kundi, akasogea kwenye ukuta mmoja uliobanduka chokaa, nyufa zikitambaa hadi chini, kona zimelika kana kwamba mbuzi wamejisugua hapo vizazi kwa vizazi. Akaupapasa kwa kiganja. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mwanangu, hii nyumba wameiacha ichakae au wameichakaza?"

"Wameichakaza, mama. Wamelipa mafundi."

Akatazama juu hadi paa, akatazama na rangi iliyofifia ya mbao za madirisha. "Basi wangekuja kwetu Ngamiani wachukue bure."

Lakini kwenye lori la safari, tembo walipotokea, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, akaambiwa akae na dereva, akakaa. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona tembo. Ameishi Tanga maisha yake yote, Mkomazi si mbali, na hakuna aliyewahi kumpeleka. Mumewe alikuwa bandarini, watoto walikuwa wengi, na mbuga ni za wageni. Baba Salma alisikia, akanyamaza hadi tulipofika kwenye gari. Nadhani pale ndipo alipoacha kuzihesabu zile tiketi.

Tuliporudi, wifi yangu wa Minneapolis akanipigia. Wameona picha, nao wanataka kwenda, wana watoto wawili, na mumewe ameshaanza kuandika kwenye bahasha. Ukoo una tatizo. Nikamwuliza maswali mawili tu: mnaendesha wangapi, na mna siku ngapi. Anaendesha mume peke yake, na wana wiki moja ya kazi bila wikendi ya mbele. Minneapolis hadi Orlando ni zaidi ya maili 1,500. Dereva mmoja, hata akiendesha saa nane kwa siku, ni siku tatu kwenda na tatu kurudi. Nikamwambia, wifi, hapo hamwendi Disney, mnakwenda kuiona barabara. Kateni tiketi za ndege za katikati ya wiki, punguzeni siku moja ya bustani ilipe nauli, na kama hiyo moja hamtaki kuipunguza, mkae Minnesota. Mna bustani nzima ya michezo ndani ya Mall of America, tena ina paa. Alikasirika kidogo. Wamekata tiketi.

Jambo la mwisho kwa wanaoendesha, nalo ni la kurudi. Kwenda kila mtu ana hamu, hata uchovu unavumilika. Kurudi hamu imekwisha, pesa imekwisha, na nyumba inakuvuta. Chumba cha njiani cha kurudia nilikilipia kabla hatujatoka Columbus, tena kwa ile bei isiyorudishwa. Baba Salma alinung'unika sana kuhusu hilo neno isiyorudishwa. Kilikuwa McDonough, kusini ya Atlanta, ili jiji tulipite Jumamosi alfajiri. Tulifika Ijumaa saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu, watoto hawajalala, gari lina mafuta nusu tangi. Akaangalia ramani kwenye simu, akaona saa tisa zilizobaki, akaniangalia mimi.

"Tungefika nyumbani saa nane usiku," akasema.

Bibi alikuwa ameshashuka, yuko mapokezi na mkoba wake, anamwuliza yule kijana kwa Kiswahili choo kiko wapi.